Mkono wa Chini

Mtu akitaka kujua heshima yake ameiegemeza wapi, na aitazame siku atakaposhindwa kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe. Siku hiyo ilimfika baba yangu. Nimeishi nayo ndani ya nyumba yetu Mtambwe, kisiwani Pemba, kwa miaka kadhaa, na mengi ninayoyaamini leo kuhusu utu, wema na raha ya moyo sikuyatoa kitabuni. Niliyapata pembeni ya kitanda chake.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari. Vijana wanaonijia na mambo ya moyo wao huwa tayari wameshapewa ushauri na kila mtu: jiamini, jipende, usijali watu wanasema nini. Ushauri huo una nia njema, lakini haujibu swali ambalo kijana mwenyewe analo kifuani, nalo ni hili: nijipende kwa sababu gani? Ukimwambia kwa sababu ana akili, atakuuliza kuhusu mwenziwe aliyefeli. Ukimwambia kwa sababu ana nguvu na ujana, yeye mwenyewe anajua kuwa havidumu. Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Kimarekani, William James, aliandika kwamba kiasi mtu anachojithamini ni mafanikio yake yakigawanywa kwa yale anayoyatarajia kutoka kwa nafsi yake. Ukitaka kujiona bora, ama ongeza mafanikio, ama punguza matarajio. Nilipoisoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliiona safi sana, hata nikaiandika ubaoni. Hesabu hiyo haina la kusema mbele ya mtu ambaye mafanikio yake ya siku nzima ni kumeza vijiko vitatu vya uji, na ambaye matarajio yake, tangu ujana, yalikuwa kutomtegemea mtu yeyote.

Huyo ndiye alikuwa baba yangu.

Babu alipata eka tatu katika ugawaji wa mashamba uliofuata Mapinduzi ya 1964, zikiwa na mikarafuu ndani, na baba akaziendeleza. Karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na ya kwetu ikabaki kwa wingi, na tangu hapo mtu wa Pemba na mkarafuu wamekuwa ndugu. Baba aliujua mti huo kuliko nijuavyo mimi kazi yangu. Alijua siku ya kuchuma, kichwa cha karafuu kinapoanza kupiga wekundu na hakijafunguka. Hakuvumilia mchumaji anayevunja matawi ili kuyavuta mashada karibu, kwa sababu tawi lililovunjwa ni mavuno ya miaka ya mbele, na alikuwa akisema juu ya mkarafuu hakuna anayekuona ila Mungu na mti wenyewe. Wachumaji aliwalipa kwa pishi, na aliwalipa siku ile ile kabla jua halijazama. Karafuu zilizoanguka chini hakuzikusanya zote, aliwaachia watoto wa wajane waokote. Akipeleka mzigo kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ukatoka daraja la kwanza, alirudi nyumbani anatembea kama kijana.

Na alikuwa na hadithi moja ya Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyoishika kuliko zote: mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini. Mkono wa juu ndio unaotoa, wa chini ndio unaopokea. Baba aliifanya hadithi hiyo kuwa umbo la maisha yake. Jirani akimletea changu wawili asubuhi, jioni mkungu wa ndizi umeshafika kwa jirani. Hakulala na deni la wema. Sisi wanawe tulikua tukijua kwamba kutoa ni heshima na kupokea ni jambo la kulimaliza haraka.

Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alistahiki, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama amewahi kuajiriwa na bila kupimwa umaskini wake. Sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa wetu, alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia baba ajiandikishe.

"Mwandikeni mwengine," baba akasema. "Mimi si fukara."

"Mzee wangu," sheha akajibu kwa adabu, "sikuja kukuuliza ufukara. Nimekuuliza umri."

Nililiandika jibu hilo, kwa sababu lilikuwa na kitu ndani yake ambacho sikukijua bado. Baba alijiandikisha. Akawa anazipokea zile fedha na kuzipeleka moja kwa moja kwa mama mmoja mjane nyuma ya msikiti, hata mfuko wake haukuzijua. Mkono ulibaki juu.

Kiharusi kilimpiga alfajiri, baada ya kusali, akiwa bado juu ya msala. Upande wa kulia wote uliondoka, na ulimi pia. Daktari wa Wete alitueleza taratibu. Shinikizo la damu lilikuwa juu kwa miaka bila ya sisi kujua, na sehemu ya ubongo iliyodhurika ni ya kushoto, ambayo inatawala upande wa kulia wa mwili na, kwa watu walio wengi, ndiyo yenye kazi ya lugha. Kisha akatuambia jambo lililokuwa zito kuliko yote: anasikia, na anaelewa. Maneno yanaingia, ila hayatoki.

Kwa hiyo hatukuwa na mgonjwa aliyekwenda mbali na nafsi yake. Tulikuwa na mtu kamili, mwenye fahari ile ile, amefungiwa ndani ya mwili usiomtii.

Mtihani wa kwanza ulikuwa chakula. Mkono wa kulia umekufa. Wa kushoto, kwa adabu yetu, si mkono wa kulia chakula. Ni mkono wa mambo mengine, na mtoto wa miaka mitatu Pemba anajua hivyo. Kwa hiyo baba alikuwa na njia mbili, ama ale kwa kushoto, ama alishwe kwa mkono wa kulia wa mtu mwengine. Alizikataa zote mbili. Alikuwa akifumba midomo na kugeuza uso ukutani. Maalim wa chuo cha Qur'ani alikuja, akakaa naye, akamweleza kwamba sheria yetu haimkalifishi mtu asichokiweza, na kwamba mwenye dharura hana lawama. Baba alimsikiliza kwa heshima, na maalim alipoondoka akafumba midomo tena.

Mama ndiye aliyeufungua mlango huo. Alikaa kitandani, akafinyanga tonge dogo la wali na mchuzi, akalinyanyua, akalisogeza karibu na mdomo wake, akasubiri. Mkono ulitetemeka kwa kuchoka lakini hakuushusha.

"Baba watoto," akamwambia, "na huu ni mkono wako."

Alikula. Alikula huku machozi yakimtoka. Tuliokuwa chumbani tulitazama chini, kwa sababu kulikuwa na jambo linapita kati yao ambalo halikuwa letu.

Baada ya chakula kulikuwa na kuogeshwa, kubadilishwa, kugeuzwa. Muuguzi alitufundisha kwamba mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi inayolaliwa hukosa damu na kutoa vidonda. Tukagawana usiku, mimi, ndugu yangu na mtoto wa ami. Na ami yetu, mdogo wake baba, ndiye aliyetuwekea adabu za chumba kile. Alitukalisha wote akatuambia. Hakuna kuingia bila ya hodi, hata kama unajua hawezi kusema karibu. Unatoa salamu, unamtaja kwa heshima yake, unamwambia unataka kumfanya nini kabla hujamgusa. Kutoka kitovuni mpaka magotini asifunuliwe hata pumzi moja: shuka moja haiondoki mpaka nyengine iwe imeshafika. Wanaomnyanyua wasizungumze habari za mpira juu ya kifua chake. Na asisemwe kwa "yeye" mbele yake, kama hayupo.

Nimesoma vitabu kadhaa vya falsafa ya maadili katika maisha yangu, na nasema kwa uzito wote kwamba sijaona humo mafunzo yaliyonibadilisha kuliko yale ya ami yangu, ambaye hakumaliza darasa la saba. Kwa sababu mambo yote yale yalifanyika mahali pasipokuwa na mtazamaji. Ungeweza kuingia bila ya hodi saa tisa ya usiku na hakuna ambaye angejua. Baba asingeweza kukushitaki. Mwanzoni ulikuwa unapiga hodi kwa sababu umeamrishwa. Baada ya miezi unapiga hodi kwa sababu huwezi tena kuingia bila ya hodi, mkono unakataa. Kinyaa nacho, ambacho ni jambo la kweli na sioni faida ya kulificha, kilipungua kwa namna hiyo hiyo, si kwa kukikemea bali kwa kurudia kazi mpaka kikachoka.

Tulimtoa barazani kila jioni baada ya alasiri, juu ya kiti cha magurudumu tulichopewa na jamaa wa Unguja. Baraza ndiyo iliyokuwa bunge lake. Pale ndipo alipokuwa akisuluhisha magomvi ya mipaka, akisimulia, akikosoa bei za karafuu. Marafiki walikuja kwa wingi wiki za mwanzo, kisha wakapungua. Siwalaumu. Wengi hawakuweza kustahimili kumwona, na mtu asiyeweza kustahimili hukimbia bila ya kuwa na ubaya. Lakini kulikuwa na mmoja, mvuvi mzee, rafiki yake tangu chuoni, ambaye alikuja kila alipokuwa hakwenda baharini. Alikuwa na tabia moja. Akimuuliza baba swali, husubiri jibu. Husubiri kweli. Anashika kikombe cha kahawa, anamtazama usoni, kahawa inapoa, watu wengine wanaanza kuona haya na kutaka kuingilia, yeye anawazuia kwa kiganja. Mwisho baba hutoa sauti, "ehe" au mfano wake, au hunyanyua vidole vya mkono wa kushoto. Mvuvi hulipokea jibu hilo na kuendelea na mazungumzo kutoka pale. Baba alikuwa akirudi ndani siku hizo akiwa na uso mwengine kabisa.

Na kulikuwa na mtu mwengine, wala sitaki kumtambulisha, aliyekuja kumzuru mara moja, akasimama kizingitini na kusema kwa huruma ya kweli: "Maskini mzee, hana tena faida. Mungu ampumzishe." Dua ile wengi wetu tunaiomba kwa wagonjwa wetu, na ndani yake mna rehema. Lile neno la kabla yake ndilo lililomkata baba. Aligeuza uso ukutani kama zile siku za mwanzo, na siku mbili hakula vizuri.

Nikawa nafikiri sana juu ya faida. Nilijiambia, basi tumpe faida. Ulikuwa msimu wa karafuu, tukamtandikia jamvi barazani, tukammwagia karafuu mbichi mbele yake, awe anatenga makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu, kwa mkono wa kushoto. Kazi hiyo hufanywa na wazee na watoto, wala haina aibu. Aliifanya kwa makini makubwa, konyo moja moja, na alipomaliza kifungu kidogo alikitazama kama alivyokuwa akitazama mzigo wa daraja la kwanza. Nilifurahi mno. Nikaamini nimeipata dawa, kwamba mtu akijiona anahitajika, nafsi yake husimama. Na jambo hilo ni kweli, silikanushi. Vijana wetu wengi waliokaa vijiweni wanaumwa na kutohitajika kuliko wanavyoumwa na umaskini.

Kisha kiharusi cha pili kilikuja na kuuchukua mkono wa kushoto.

Sasa hapakuwa na konyo la kutenga. Kama thamani ya mtu ni faida yake, basi yule mgeni wa kizingitini alikuwa amesema kweli, tatizo lake lilikuwa ni kuisema mapema tu. Nilikaa na wazo hilo usiku mwingi wa zamu zangu, na lilinitisha, kwa sababu niliona kwamba hata mapenzi yangu ya kumpa kazi yalikuwa yanamnong'oneza kitu kile kile: una thamani, kwa sababu bado unafaa.

Katika darsa za msikitini tulikuwa tukisikia habari za Imam Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa katika madrasa ya Nidhamia mjini Baghdad, na sifa zake zimeenea. Ameandika mwenyewe kwamba aliichunguza nia yake ya kusomesha, akaona kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, bali ilisukumwa na kutaka cheo na jina. Alivutana na nafsi yake kwa miezi, mpaka ulimi wake ukafungwa. Alitaka kuwasomesha wanafunzi na neno halikutoka, na chakula hakikupita kooni. Matabibu walikata tamaa. Aliacha yote akaondoka mjini. Nilikuwa nikiisikia habari hiyo tangu utotoni kama kisa cha mcha Mungu. Usiku ule, nikimsikiliza baba anavyohema, niliisikia kama habari ya mtu ambaye kilichomfanya awe yeye, yaani ulimi wake, kimemwacha, na akalazimika kuuliza amebaki na nini. Ghazali alirudishiwa ulimi, na baadaye alisomesha tena. Baba hakurudishiwa.

Kilichonitoa katika giza lile ni aya ambayo nimeisoma tangu chuoni bila ya kusimama. Katika Suratul Israa, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anasema: hakika tumewatukuza wanaadamu. Hakutaja wenye nguvu, wala wachamungu, wala wenye kufaa. Ametaja wana wa Adam. Na kuna hadithi katika Bukhari kwamba jeneza lilipita, Mtume akasimama, akaambiwa ni jeneza la Myahudi, akajibu: je, si nafsi? Maiti hana faida kwa mtu. Wala huyu hakuwa wa dini yake. Akasimamiwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba kila kitu ama kina bei ama kina utukufu. Chenye bei unaweza kuweka kingine badala yake, na kilicho juu ya bei zote hakina badala. Nilipokuwa nikiyasoma maneno hayo niliiona mizani ya kituo cha karafuu mbele ya macho yangu, daraja la kwanza, la pili, la tatu. Karafuu zina madaraja kwa haki. Baba aliyapenda madaraja hayo. Lakini aliyezibeba karafuu mpaka mizanini hakupandishwa yeye juu ya mizani.

Ndipo lile jibu la sheha likanirudia akilini na nikalielewa. Hakuuliza baba ameshindwa nini mpaka astahiki kupewa. Aliuliza kama yupo na amefika umri. Sijui kama waliopanga pensheni ile walifikiri hivyo, lakini kwangu mimi ni moja ya mambo ya kiutu zaidi yaliyowahi kufanywa visiwani kwetu. Fedha yenyewe ni ndogo. Namna ya kuitoa ndiyo inayomwacha mzee na uso wake.

Hata hivyo aya na mwanafalsafa havikumfikia baba kwa kusomewa. Alikuwa anaijua Qur'ani kuliko mimi, na bado alikuwa anageuza uso ukutani. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kulisema kwa nguvu zangu zote. Utukufu mtu kapewa na Mola wake, haupungui. Lakini mtu hauhisi ndani ya moyo wake ila kwa njia ya watu wengine, kwa hodi inayobishwa, kwa shuka isiyoondolewa, kwa swali linalosubiriwa jibu. Tumezoea kuyatenganisha mambo haya: maadili ni namna ninavyokutendea wewe, kujithamini ni jambo lako wewe na kioo chako. Mimi nimeona ni jambo moja. Mwenendo wangu kwako ndio barabara ambayo heshima yako huja nayo mpaka kwako, na ukinikuta nimeifunga, hata ujiambie maneno mazuri mara ngapi, utakaa unaisubiri.

Na upande wa pili upo vile vile. Kupokea nako kunataka wema. Baba alichukua muda mrefu kuufikia. Ile hadithi ya mkono wa juu inatukataza kuombaomba na inatuhimiza kutoa, na wanavyuoni wameieleza hivyo. Haikumuahidi mtu yeyote kwamba mkono wake hautashuka. Mkono wa juu unamhitaji wa chini ili uwe juu, la sivyo unatoa kwa nani? Mtu anayekataa kabisa kupokea anawanyima wenziwe kile anachokipenda zaidi yeye mwenyewe. Sikumwambia baba haya. Niliona tu kwamba katika mwaka wa mwisho aliacha kufumba midomo. Tukiingia kwa hodi, macho yake yalituangalia mlangoni badala ya kwenda ukutani. Yule mama mjane wa nyuma ya msikiti, ambaye bado alikuwa akipata pensheni ya baba kila mwezi, akawa anamletea uji wa mchele wa nazi, na baba akiunywa wote. Ramadhani, kwa kuwa hawezi kufunga wala hatarajiwi kupona, tulimtolea fidia kwa mali yake, kibaba cha mchele kwa kila siku moja. Vibaba hivyo vilikwenda kwa kijana mmoja masikini wa jirani, na kijana huyo huyo ndiye aliyekuwa akija kutusaidia kumnyanyua. Nilijaribu kupanga nani wa juu na nani wa chini, nikashindwa.

Sitaki mtu asome haya akadhani uuguzi ni utamu. Mama yangu aliumia mgongo, na mpaka leo haujapona. Dada yangu aliacha biashara yake ya vitumbua kwa muda wote ule. Mzigo wa wagonjwa katika nyumba zetu unabebwa na wanawake zaidi, na sisi wanaume tunaosifiwa kwa zamu za usiku tunarudi kwenye kazi zetu asubuhi. Watu waliokuwa wakija walimwambia mama, utapata thawabu, nami naamini atapata. Lakini jirani aliyemwambia, "Dada, nenda kalale, mimi nipo mpaka adhuhuri," huyo ndiye mama anayemtaja mpaka leo.

Skulini nimebadilisha jambo moja. Zamani tulikuwa tukisoma matokeo ya mitihani mbele ya wanafunzi wote, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sauti. Sasa katika masomo yangu kila mwanafunzi ninampa karatasi yake mkononi, na ninayezungumza naye ninazungumza naye peke yake. Wenzangu wengine wanaona ninaua ushindani. Huenda wana hoja, kwa sababu kuna watoto wanaochapuka wakitajwa. Ila nimemwona anayetajwa wa mwisho akikaa, na ninaujua ule uso unaogeuka ukutani.

Dada yangu hakubaliani nami katika haya yote, naye ana haki kuliko mimi kusema, kwa sababu alibeba zaidi. Yeye anasema baba alizungukwa na mikono kwa sababu alitoa umri wake mzima. Asiyetoa hazungukwi, na vijana wafundishwe kutoa kwanza, falsafa baadaye. Nikamkumbusha mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyekosana na kila mtu, hakuwa na mtoto wala rafiki. Alipoanguka, majirani aliowatukana walimuogesha na kumlisha mpaka akafa.

"Walifuata thawabu," dada akasema, "na walikhofu kusemwa."

Nikamwambia, pengine, lakini alilala msafi na alilala kashiba. Akanijibu kwamba yeye hajauliza alilala vipi, ameuliza yule mzee alijiona ni nani alipokuwa akiogeshwa na watu aliowatukana. Swali hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo sinalo. Ijumaa nikienda kumwona mama, najua ataniuliza tena.